Alama za wasichana zimepanda: je, wavulana hawana sonona?

Swali: Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha. Niliwapa wanafunzi wa miaka 13 hadi 16 dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu dalili za sonona, ambapo sifuri ni kutokuwa na dalili. Karibu wote waliofikisha alama 10 ni wasichana. Wavulana hawaugui sonona, au dodoso ndilo lenye kasoro?

Jibu: Mwalimu, dodoso halijakudanganya, ila halijakwambia yote.

Tofauti ipo kweli. Kabla ya balehe wavulana na wasichana hawapishani sana. Pengo huanza kuonekana kwenye miaka 12 hivi, na kati ya 13 na 15 wasichana huugua sonona takriban mara mbili hadi tatu ya wavulana. Homoni zina mchango wake, lakini msizibebeshe mzigo wote. Binti anayekua husemwa mwili wake, huguswa asipotaka, na wengi hulirudia jambo moja kichwani mpaka usingizi unaruka.

Sasa wavulana. PHQ-9 ya kawaida haiulizi kabisa kuhusu hasira, na kwa kijana hasira za mara kwa mara zinaweza kuchukua nafasi ya huzuni katika utambuzi wa sonona. Tumia toleo la vijana, PHQ-A, ambalo limeongeza jambo hilo kwenye swali la hali ya moyo.

Hata hivyo, karatasi haitoshi. Niliwahi kuletewa mvulana aliyekuwa akipigana kila wiki. Alikuwa amejaza sifuri tisa, zimejipanga wima kama uzio. Nikaiweka karatasi kando, nikamuuliza tu analala saa ngapi. Alikaa kimya, akikwangua ukingo wa meza kwa kucha, kisha akasema, "Saa tisa usiku, nikilala." Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Kwa hiyo waite pia wavulana wenye sifuri tupu ambao maksi zimeshuka, walioacha michezo, au wanaougua kichwa na tumbo bila sababu kuonekana. Alama 10 yenyewe si ugonjwa. Ni ishara kwamba mtoto aonwe na mtaalamu.

Na tafadhali, swali la 9, la mawazo ya kujidhuru, usilisubirishe jumla ya alama. Wasichana hujaribu kujiua zaidi, lakini katika nchi nyingi wavulana ndio hufa zaidi. Yeyote asiyeandika sifuri hapo, kaa naye siku hiyo hiyo, muulize waziwazi, na usimwache peke yake mpaka mzazi au mhudumu wa afya amefika.