Maswali na majibu: Chenga za korosho, ufuta na mafuta ya perege

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafuga perege hapa Nyangao, mkoani Lindi, kwenye bwawa la udongo. Chakula nachanganya mwenyewe: kila kilo 100 ina pumba za mahindi 50, mashudu ya ufuta 25, dagaa wa baharini wa kusaga 10, na tangu msimu huu kilo 15 za chenga za korosho zilizokataliwa na wabanguaji. Samaki wamenona, lakini nikiwapasua nakuta mafuta yamezunguka utumbo. Mteja wangu mmoja, nesi, kaniuliza kama wana omega-3, yale mafuta yanayosifiwa kwa afya ya moyo, kama samaki wa baharini. Jirani ananishauri niongeze mafuta ya alizeti. Je, mafuta ninayowalisha yanabadilisha mafuta ya samaki wenyewe?

JIBU: Marahaba. Yanabadilisha, tena sana. Mafuta ya alizeti usiongeze.

Perege akila mafuta, mengine anayatumia kupata nguvu na yanayobaki anayaweka akiba, na akiba hiyo hufanana sana na kile alichokula. Ukimlisha mafuta ya nazi, ambayo karibu nusu yake ni asidi ya lauriki (asidi hizi ndizo zinazojenga mafuta), utaikuta lauriki mwilini mwake. Ukimlisha korosho, itaongezeka asidi ya oleiki, kwa kuwa ndiyo inayochukua takriban asilimia 60 ya mafuta ya korosho. Ufuta ni oleiki na linoleiki karibu sawa kwa sawa. Alizeti ya kawaida ni linoleiki zaidi ya nusu. Linoleiki ni jamii ya omega-6, jamii nyingine ya mafuta tofauti na omega-3. Sasa angalia orodha hiyo: nazi, korosho, ufuta, alizeti, mazao tunayoyategemea kwa mafuta, na hakuna hata moja lenye omega-3 ya kutajika. Katika mchanganyiko wako omega-3 inaletwa na zile kilo 10 za dagaa, basi.

Lakini perege si gunia linalopokea tu. Samaki wa maji baridi ana vimeng'enya vinavyoweza kuchukua asidi fupi yenye kaboni 18 na kuirefusha hadi kaboni 20 na 22, yaani kutengeneza EPA na DHA, zile omega-3 ndefu anazozitafuta nesi wako. Samaki wengi wa baharini walao nyama hawaliwezi hilo vizuri. Wao huzipata tayari kwenye mawindo yao. Uwezo wa perege nao una mpaka. Malighafi yake lazima iwe ya omega-3, kwa maana omega-6 haigeuki kuwa omega-3 ndani ya samaki. Tena vimeng'enya ni vilevile kwa jamii zote mbili, zinavigombea. Ukijaza linoleiki ya alizeti, unaibana hata ile omega-3 kidogo iliyopo. Na perege anahitaji linoleiki kidogo tu, kiasi cha nusu hadi kilo 1 katika kilo 100 za chakula. Ufuta wako umeshampa.

Kuna jambo moja linalonifurahisha kila ninapolieleza. Mafuta ya samaki yako sehemu mbili: akiba, na yale yanayojenga utando wa seli. Akiba hubadilika upesi kufuata chakula. Yale ya utando samaki anayalinda. Hata ukimlisha vibaya, DHA anaing'ang'ania kwenye ubongo, macho na misuli. Kwa hiyo yale uliyoyakuta tumboni yanasimulia ulichomlisha, kuliko hata nyama inavyosimulia.

Na tumbo hilo linakueleza jingine: mafuta yamezidi. Karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta, kwa hiyo kilo 15 zimeleta kilo 6 na ushee peke yake. Jumlisha ya mashudu na ya pumba, unavuka kilo 10 katika 100, wakati perege anakua vizuri kwenye 5 hadi 10. Ziada inakwenda kwenye utumbo na ini. Hailipi, kwa sababu mteja anaitupa. Shusha chenga ziwe kilo 5, na hizo kilo 10 zilizobaki ziwe mashudu.

Chenga zenyewe zichambue kwa mkono kabla ya kusaga. Kipande chenye ganda kitoe: yale mafuta meusi ya ganda ndiyo yanayounguza vidole vya wabanguaji, na hayafai kwa samaki. Saga za wiki moja tu. Unga wa korosho ukikaa kwenye joto letu unachacha, na mafuta yaliyochacha yanaharibu vitamini E na kudhuru ini la samaki. Ukisikia harufu kali ya mafuta yaliyokaa, usiwape.

Ukitaka kuongeza omega-3, fanya mambo mawili. La kwanza halina gharama kubwa: maji yawe ya kijani. Rutubisha bwawa kwa samadi kwa kiasi. Mwani ule mdogo wa kijani unaoelea unatengeneza omega-3 wenyewe, na perege anauchuja majini mchana kutwa. La pili, usitawanye dagaa sawa kwa miezi yote. Wakifika nusu ya uzito wa kuuza, ongeza dagaa hadi kilo 20 na uondoe korosho kabisa mpaka siku ya kuvua. Samaki anapoongeza uzito mara mbili, mafuta ya zamani yanachanganyika na mapya na kupungua nguvu. Kuanzia gramu 150 hadi 300 inaweza kuchukua wiki 8 hadi 10. Piga hesabu ya bei ya dagaa kwanza. Kama wateja wako hawalipi zaidi kwa ajili hiyo, bakia kwenye maji ya kijani.

Nesi mjibu kwa ukweli. Nyama ya perege ni kavu, gramu 100 zina mafuta kama gramu 2, kwa hiyo hata ukimlisha vizuri hawezi kufikia dagaa au vibua wanaoshushwa pwani ya Lindi na Mtwara. Mwambie anunue perege wako kwa protini, na mara mbili kwa wiki apike vibua.