Venice siku mbili na mtoto mdogo: laleni kisiwani

Mkuu, umeuliza kama siku mbili zinatosha Venice ukiwa na mama watoto na mtoto wa miaka miwili, na kama mlale Mestre kwa sababu hoteli za huko ni bei rahisi. Mimi naishi kaskazini mwa Italia na ndugu wakija kutoka Tanga lazima niwapeleke kule, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Siku mbili zinatosha ila laleni kisiwani, yaani Venice yenyewe. Mestre ipo bara, treni ni kama dakika kumi tu hadi stesheni ya Santa Lucia, hilo waliokwambia ni kweli, lakini ukilala huko unaingia mjini saa nne na umati wote na unatoka jioni na umati huohuo, yaani unaiona Venice kwenye saa zake mbaya kuliko zote. Usiku wale wa kwenda na kurudi wakishaondoka mji unatulia, mnatembea vichochoroni kama mpo Mji Mkongwe, na hakuna gari wala pikipiki, hata baiskeli ni marufuku, mtoto anakimbia mwenyewe nyinyi mnaangalia maji tu. Alfajiri ndo utamu wenyewe, boti zinashusha mboga, soda, saruji, nyingine zinazoa taka, hapo ndo unaelewa watu wanaishije. Tafuteni chumba mitaa ya Cannaregio au Castello, sio San Marco, bei inapungua na majirani ni wenyeji.

Kigari cha mtoto acheni nyumbani. Madaraja yamepita 400 na karibu yote ni ngazi. Mama mdogo alimbeba mjukuu mgongoni kwa khanga siku nzima, hakuna kilichofaa zaidi ya hiyo.

Boti za abiria zinaitwa vaporetto, tiketi ya dakika 75 ni yuro 9.50 na ya saa 24 ni 25, kwa hiyo nunueni ya siku, mtoto wa chini ya miaka sita halipi. Pandeni namba 1 pale Piazzale Roma inapoanzia, kabla haijafika stesheni na kujaa, mkae nje mbele, inapita Grand Canal (ule mfereji mkuu wa mji) yote polepole mpaka San Marco. Gondola, ile mitumbwi ya kasia, bei ya manispaa ni yuro 90 kwa nusu saa mchana na 110 kuanzia saa moja usiku, na hiyo ni ya gondola nzima sio ya kichwa, ukitajiwa zaidi ondoka. Kama mnataka tu kuipanda, kuna za kuvusha watu Grand Canal, yuro 2 mgeni, dakika chache mko ng'ambo.

Mnara wa San Marco foleni yake ni ndefu (na wenyewe ulianguka 1902 ukajengwa upya), mimi nawapeleka watu ule wa San Giorgio Maggiore ng'ambo ya maji, una lifti, na kutoka kule unauona mji wote na mnara wa San Marco ukiwemo.

Halafu tafadhali msiruke kisiwa cha Murano. Viwanda vya kioo vilihamishiwa huko 1291 kwa kuogopa moto mjini, na mafundi bado wapo. Makumbusho yao ya kioo yana shanga, na mkuu shanga za Venice ndo zilizokuwa zinabebwa na misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda bara, zikiwa kama hela. Mama mdogo alisimama mbele ya lile kabati akagoma kuondoka, na mimi kila nikienda napita pale. Sisi tumo kwenye historia ya ule mji, ni haki watoto wetu wakaijua.

Ada ya kuingia mjini ipo kwa siku fulani tu, hasa masika ya huku, na anayelala hoteli ya ndani ya manispaa halipi, hata ya Mestre, ila anajisajili kwenye mtandao wao.

Mnakuja mwezi gani? Kama ni Novemba bebeni mabuti ya mvua, maana maji ya bahari hupanda mjini; lile lango la baharini la kuyazuia, MOSE, linafanya kazi tangu 2020 lakini uwanja wa San Marco uko chini sana, maji yanaupata hata siku ambazo lango halijainuliwa.