Kwa nini riba ni 3% kote lakini marejesho hayalingani

Dada, umesema wakopeshaji wawili wanakupa mkopo wa milioni moja wa duka kwa miezi 12, wote kwa riba ya 3% kwa mwezi, ila marejesho hayalingani. Hao wawili wanakokotoa riba tofauti. Anayekudai 113,333 kwa mwezi anatumia riba ya flati: 3% ya milioni nzima kila mwezi kwa miezi 12, hata ukibakiza deni la laki moja. Riba yote ni 360,000. Wa pili anatoza kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki tu, rejesho ni kama 100,460 kwa mwezi na riba yote haifiki 206,000. Ile flati, ukiigeuza iwe ya salio, inazidi kidogo 5% kwa mwezi. Ndiyo maana usilinganishe asilimia, linganisha jumla utakayolipa.

Kabla hujasaini omba jedwali la marejesho, na uulize utapokea shilingi ngapi mkononi. Ada ya 2% na bima ya 1% zikikatwa juu unaondoka na 970,000, ila riba inahesabiwa kwenye milioni. Uliza pia ukimaliza mapema riba iliyobaki inafutwa au la. Kwenye flati mara nyingi haifutwi.

Kwa duka, pima uwezo wa kulipa kwa mauzo ya mwezi mbovu, si Desemba. Toa mtaji wa kununulia mzigo, kodi na matumizi ya nyumbani. Rejesho lisizidi nusu ya kinachobaki. Kama upo SACCOS (chama cha kuweka akiba na kukopa) anzia huko, nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba zako na kwa riba ya salio. Ukiona utachelewa, nenda ofisini kabla ya tarehe, faini haijaanza kuhesabiwa.