Natumia warfarini na nimepata jipu: niache dawa?

SWALI: Nina miaka 34, nalima tumbaku Urambo. Mimba mbili ziliharibika, kisha mguu wa kushoto ukavimba. Nikaambiwa nina antifosfolipidi, damu inaganda hovyo. Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Sasa nina jipu pajani na homa. Duka la dawa wamenipa antibayotiki, Septrin na Flagyl, wakasema warfarini niiache wiki moja ili zisigongane. Ni sawa?
Mama K., Urambo

JIBU: Hapana, Mama K., usiiache kwa uamuzi wako wala wa dukani. Kwa ugonjwa wako, maambukizi ya bakteria na kukatiza warfarini ni vichocheo viwili vinavyojulikana vya hali mbaya kuliko zote: mabonge ya damu kuziba mishipa midogo katika viungo vitatu au zaidi ndani ya wiki moja. Daktari Ronald Asherson aliielezea mwaka 1992. Huwapata chini ya asilimia 1 ya wenye ugonjwa huu, lakini huua wengi, na karibu nusu yao huanza na maambukizi: kifua, mkojo, ngozi. Wewe ungekuwa na vichocheo vyote viwili kwa pamoja.

Sababu ni kwamba kingamwili zako hushika protini ya damu iitwayo beta-2 glikoprotini I. Zinaweza kukaa miaka bila balaa. Bakteria wakiingia, kuta za mishipa huchokozeka, chembe nyeupe huamka, na damu inakuwa tayari kuganda. Isitoshe, baadhi ya bakteria wana vipande vinavyofanana na protini hiyo, hivyo kinga huchochewa zaidi.

Kugongana kwa dawa ni kweli, ila kunaelekea upande mwingine: Septrin na Flagyl hupandisha INR (kipimo cha damu kinachoonyesha warfarini inafanya kazi kwa nguvu gani) sana, na hapo unatoka damu. Dawa ya kuzuia hilo ni kupima INR. Nenda hospitali leo na vidonge vyote mkononi. Daktari achague antibayotiki nyingine ikiwezekana, jipu lipasuliwe usaha utoke (antibayotiki pekee mara nyingi haitoshi), na INR ipimwe leo na tena baada ya siku 3 hadi 5. Wengi hulengwa kati ya 2 na 3. Maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha kawaida. Diklofenaki hapana, na sindano za msuli ziepukwe.

Ukikosa pumzi, ukichanganyikiwa, mkojo ukipungua, au vidole vikibadilika kuwa bluu, usisubiri kesho. Taja antifosfolipidi mlangoni kabisa, kwa sababu dalili hizo hufanana na bakteria kusambaa kwenye damu, na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) hushuka katika hali zote mbili. Matibabu ya mabonge hayo huhitaji heparini (sindano ya kuzuia damu kuganda), steroidi na kubadilishwa plazima (maji ya damu) au imunoglobulini (kingamwili za kutundikiwa), pamoja na antibayotiki. Rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, iulizwe mapema.

Jambo la pembeni: kipimo cha VDRL kikisema una kaswende, omba TPHA, kipimo cha kuthibitisha, kwanza. Kingamwili hizi hukidanganya. Na ukikosa hedhi, rudi kliniki wiki hiyohiyo. Warfarini hudhuru mtoto, hubadilishwa kwa heparini ya chini ya ngozi na aspirini ndogo.