Shuka Kabla ya Dodoma

Jumapili usiku dada mmoja wa Tabata aliniandikia. Amepata siku tatu za mapumziko kazini, wenzake wanne waliopanga naye safari ya treni wamejitoa mmoja mmoja, na sasa anauliza: "Dada, niahirishe tu?"

Nilikuwa nachemsha maharage. Nikapunguza moto, nikakaa kwenye kigoda, nikausoma tena ule ujumbe. Ujumbe wa namna hii huwa naujibu kwa mistari miwili. Huu siwezi, maana dada huyu ameniandikia habari yangu mwenyewe.

Usiahirishe. Nenda. Anayetaka kuishia hapo aishie hapo.

Agosti 2024 tulikuwa watu sita. Treni ya SGR, reli mpya ya umeme, ilikuwa imeanza kubeba abiria hadi Morogoro tarehe 14 Juni, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai, na Dar nzima haikuwa na habari nyingine. Tukafungua kundi la WhatsApp, tukapanga Nane Nane iwe Morogoro, siku tatu. Mimi ndiye niliyepiga simu nyumba ya wageni. Mimi ndiye niliyetanguliza shilingi 90,000 za vyumba vitatu, kwa makubaliano kwamba tutarudishiana tukifika. Wiki ya safari ilipoingia wakaanza. Wa kwanza mtoto ana homa. Wa pili hela ya kikoba imechelewa. Wa tatu hakusema kitu, alitoka kwenye kundi kimya kimya. Usiku wa kuamkia safari nilibaki na tiketi yangu na watu wawili wasiojibu.

Hela haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba kesho yake, nikiwa Morogoro, niliona picha: wawili kati yao wako ufukweni Kigamboni, samaki mezani, wanacheka. Sijawahi kuwauliza. Mmoja wao tunakutana kila Ijumaa kwenye kikoba, tunasalimiana vizuri, tunaulizana watoto. Naandika haya na kifua bado kinabana, na sioni sababu ya kuficha.

Basi nilikwenda. Nilifika stesheni alfajiri, macho yamevimba. Watu wanapigana picha, mimi natafuta kiti changu. Treni ikaondoka, na kabla sijamaliza kujifuta machozi tukawa tunapita Gongo la Mboto, ninakoishi tangu nina miaka tisa. Safari ile kwa daladala jioni inaweza kula saa mbili, umesimama, kwapa la mtu liko usoni. Miaka yote nimelala na kuamka na honi ya treni ya mizigo kwenye reli ya zamani, na treni pekee niliyowahi kupanda ni ile ya Pugu ya kwendea kazini, ambayo wengine mtaani bado wanaiita ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Siku ile niliuona mtaa wangu kwa dirishani ukirudi nyuma, nikajua kwamba reli niliyoisikia utoto mzima ilikuwa inakwenda mahali.

Saa mbili hazikutimia nikawa Morogoro, mji kasoro bahari. Stesheni iko Kihonda, nje kidogo ya katikati ya mji, kwa hiyo patana na bodaboda au bajaji kabla hujakaa.

Kesho yake nilipanda Uluguru hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya kale iliyojengwa na Wajerumani, nikiongozwa na kijana niliyepatana naye mjini. Njiani tulipishana na wanawake wa Kiluguru wakishuka na matenga kichwani: njegere, karoti, stroberi, wanawahi sokoni. Mmoja wao alikuwa mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanitazama, akauliza, "Umefiwa, mwanangu?" Nikamwambia sijafiwa, wenzangu wameniacha. Akatua tenga, akanijazia kikombe cha bati stroberi, na hela akaikataa. "Basi usirudie njiani," akasema. "Huko juu kuzuri."

Kweli kulikuwa kuzuri. Nilikaa juu kule zaidi ya saa moja, mji wote uko chini yangu, reli mbili zinapita ubavuni mwake, ya zamani yenye upana wa mita moja, ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907, na hii mpya ya umeme. Vyumba vitatu nilivyovilipia nililala kimoja. Sijutii.

Sasa sikiliza jambo nililogundua wakati wa kurudi, maana ndilo ninalotaka wewe wa Tabata ulishike. Karibu behewa zima lilikuwa limetoka Dodoma linakuja Dar. Dar, Dodoma, Dar. Katikati hapo kuna Soga, Ruvu, Ngerengere, Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu. Stesheni nzuri zimejengwa, taa zinawaka, na anayeshuka ni mama mmoja na ndoo yake. Nikajiambia: mimi nitakuwa nashuka na yule mama.

Hadi leo nimeshuka vituo kumi na kimoja, nikihesabu vya reli ya zamani na vya Tazara. Kazini wananiita Stesheni Masta. Jina hilo nalipenda, na nimelitolea jasho.

Nauli haikuzuii. Zilipotangazwa mwaka 2024 kwa daraja la kawaida, kutoka Dar hadi Soga ilikuwa shilingi 4,000, Morogoro 13,000, Kilosa 18,000, Dodoma 31,000. Kuna watu Dar wanatumia zaidi ya hiyo ya Kilosa kwa chipsi kuku na soda za Jumamosi moja. Angalia tu unapokata: treni ya haraka haisimami vituo vidogo, lazima uchukue ile ya kawaida. Ubebe na kitambulisho.

Kilosa ndiko nilikofanya kosa langu kubwa, kwa hiyo nalisema. Nilikwenda asubuhi, nikazunguka mji, nikakaa karibu na mto Mkondoa kwa muda mrefu. Mto huo ukiutazama kiangazi huwezi kuamini kwamba ndio unaofurika na kuing'oa reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe mara kwa mara. Ndiyo maana reli mpya imepandishwa juu na kupitishwa kwenye mahandaki. Mzee mmoja fundi baiskeli alinieleza yote hayo kwa kijiti, akichora mchangani njia ya zamani na ya sasa. Nilinogewa. Nilifika stesheni zimebaki dakika tano, nikakuta mlango umefungwa, na treni iko palepale naiona. Treni ya umeme haina "konda, subiri". Nikatafuta gari hadi Dumila, nikadandia basi linalotoka Dodoma, nikafika nyumbani saa nane usiku, na asubuhi kazi ilinisubiri. Fika mapema. Fika saa nzima kabla. Mizigo inapita kwenye mashine, tiketi inakaguliwa, foleni ipo. Narudia: fika mapema.

Tazara nimepanda mara moja, hadi Mang'ula. Ile ni reli nyingine kabisa, ya kwenda Zambia, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya sabini. Njiani, kabla ya Kisaki, inakatiza hifadhi ya wanyama, na jua linapoelekea kuzama unaona twiga dirishani bila kulipa kiingilio. Mang'ula tuliingia usiku, kwa hiyo panga malazi kabla. Udzungwa na maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, nitayaandikia siku yake.

Safari ninayotaka kuieleza vizuri ni ya mama.

Mama yangu ni Mbondei wa Muheza. Mwaka 1976, akiwa na miaka kumi na minane, alipanda treni kuja Dar, nauli imefungwa kwenye pindo la kanga, na hakuwahi kurudi kwao kwa treni tena. Mwanzoni hela, kisha watoto, kisha treni yenyewe. Treni ya abiria ya kaskazini ilisimama miaka ya tisini, reli ikaota majani hadi ikawa njia ya mbuzi. Ilipofufuliwa Desemba 2019 kwenda Moshi, na mwaka uliofuata hadi Arusha, mama alisikia redioni akasema "alhamdulillahi" na kuendelea kuchambua mchele. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Sikumuuliza kitu. Miaka ikapita, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hata wale wa Kigamboni.

Baada ya Morogoro nilimwambia: Mama, twende Muheza kwa treni. Akasema, "Basi lina ubaya gani?" Kesho yake nikamkuta ameshapiga pasi kanga mbili.

Tulichukua daraja la pili la kulala, vitanda sita, wanawake watupu. Mama alikataa kulala. Alikaa dirishani, na tulipofika Ruvu akanigusa goti: "Hapa tunaachana na ya Kigoma." Kweli treni ikakata kwenda kaskazini, kwenye ile njia ya kuelekea Mnyusi iliyojengwa mwaka 1963 kuziunganisha reli mbili. Yeye hajui mwaka. Anajua mkunjo. Baada ya Wami giza likaingia, akawa ananitajia vituo kwa mdomo kabla hatujavifika, na mayai ya kuchemsha waliyonunua dirishani, na jina la msichana aliyekaa naye, ambaye hajamuona tena tangu siku ile.

Korogwe tulishuka usiku mnene. Tulikaa stesheni na wenzetu hadi kulipokucha, shuka moja tumejifunika wote wawili, mama wa chai akatuletea maandazi ya moto. Asubuhi Costa ikatupeleka Muheza, mashamba ya mkonge huku na huku, machungwa yamepangwa mafungu barabarani. Ndugu walikuwa wanatusubiri na chai nyingine, lakini mama hakutaka kwenda nyumbani kwanza. Alitaka stesheni.

Hapakuwa na treni. Alisimama, akapima kwa macho, akasogea hatua kama nne kushoto. "Babu yako alisimama hapa. Hakunipungia mkono. Alikuwa anaangalia saa." Tukakaa pale hadi jua lilipotufukuza.

Baadaye tulifika Tanga mjini, tukapunga upepo Raskazone, tukatazama watu wazima kwa watoto wakipita na baiskeli zao bila haraka. Wenyeji husema waja leo, waondoka leo. Sisi tuliondoka siku ya tatu, na mama alinyamaza safari nzima ya kurudi, lakini ulikuwa ukimya wa mtu aliyeshiba.

Kwa hiyo mtu akiniambia anasubiri wenzake, au anasubiri hela ikae vizuri, au likizo ndefu, au mchumba, damu inanichemka. Sisi watu wa Dar tunaijua Dubai kwenye simu kuliko Kilosa iliyo hapo. Tunakwenda Dodoma kupiga picha ya treni, tunageuza. Tunasema nchi ni kubwa, tutaizunguka siku moja, na wazazi wetu wanazeeka sebuleni wakiwa na vituo vyao kichwani ambavyo hakuna aliyewauliza. Waulize leo. Mama yako alitoka wapi, alipanda nini, alishuka wapi. Kisha kata tiketi. Kama wenzako wanakuja, waje. Wasipokuja, kiti chako kimelipiwa.

Na usitangulize hela za watu. Kila mtu atume yake kabla, asiyetuma hayumo.

Wale wa Kigamboni, mmoja wao aliniuliza mwezi uliopita kama naweza kuwapeleka Mombo, wapande hadi Lushoto. Nilimwambia ratiba nitamtumia. Nilimtumia, na bei ya tiketi, na maelezo ya kila kitu hadi choo cha behewa. Mimi sikujiandikisha.

Leo asubuhi, kabla sijaiweka makala hii, dada wa Tabata ameandika tena. Ametuma picha ya tiketi: Kilosa, Ijumaa, mtu mmoja. Anauliza avae nini.

Raba, dada. Na kanga moja kwenye mkoba, jioni kuna baridi. Fundi baiskeli utamkuta chini ya mwembe, karibu na soko. Mwambie akuchoree zile reli mbili, halafu saa tisa usimame, hata kama hajamaliza.