Fikasi Nje ya Nyumba: Anza na Mizizi

Fikasi ya majani madogo yanayong'aa, inayouzwa kwenye vitalu vingi vya kando ya barabara hapa Nairobi, kwa kawaida ni Ficus benjamina. Ikiwa bado kwenye karatasi yake nyeusi huonekana mti mpole. Ukiiacha ardhini bila kuipogoa, hupita paa, na mizizi yake huingia palipo na unyevu: kiungo cha bomba kinachovuja, tangi la maji taka, ufa wa msingi. Kwa hiyo chukua futi ya kupimia kabla ya jembe.

Mti wa kivuli uwe angalau mita 8 kutoka nyumba na mabomba. Ua unaopogolewa waweza kukaa mita 2 au 3 kutoka ukutani, mradi usiuache upite mita 2 kwenda juu. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kilichokwisha kujengwa hakina nafasi ya mti huu ardhini, hata muuzaji akisema nini. Hapo tumia chungu.

Panda mvua inapoanza, mwishoni mwa Machi au Oktoba. Kwenye udongo mwekundu, kama wa Runda au Lavington, shimo la sentimita 60 kila upande na debe moja la samadi iliyooza vinatosha. Udongo mweusi wa Embakasi na Syokimau hutuamisha maji, kisha kiangazi hupasuka na kukata mizizi michanga. Huko inua tuta la sentimita 30, upande juu yake. Ukichana karatasi, tazama mizizi: ikiwa imejizungusha, ikate kwa kisu kutoka juu hadi chini sehemu tatu, la sivyo itakuja kulikaba shina.

Mche uliotoka chini ya neti ya kivuli hupukutisha majani ukipigwa na jua, na baridi ya Julai nayo huongeza. Watu wengi hapa hukimbilia maji, na mizizi inaoza. Kwaruza gome kwa ukucha kwanza. Kijani chini yake maana yake tawi ni hai. Ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa na unyevu, subiri. Ukiwa mkavu, lita 10 mara mbili kwa wiki zatosha miezi mitatu ya mwanzo.

Jani jipya likijikunja katikati kama ganda la njugu, lifunue: utaona wadudu weusi wembamba, thiripi, pamoja na watoto wao weupe. Dawa ya kunyunyizia haiwafikii humo ndani, hivyo kata ncha hizo uzichome. Ukiona sisimizi wakipanda shina na majani yananata, kuna wadudu wanaofyonza utomvu. Wapulizie jioni, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, hasa upande wa chini wa jani.

Unapopogoa vaa glovu, kwani utomvu mweupe huwasha ngozi. Ua uwe mpana chini kuliko juu, ama sivyo matawi ya chini hukosa mwanga na kubaki matupu.

Chungu kiwe na upana wa sentimita 50 na matundu chini, na kikae juu ya matofali. Kikiwekwa moja kwa moja kwenye udongo, mzizi hupenya tunduni na kuingia ardhini, na baadaye hukisogezi bila kuukata.