Santuri ndogo za rege: anza na hizi mbili

Ndugu yangu, umeuliza uanze na singo (santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande) zipi za zamani za Jamaika, kwa kuwa pesa inatosha mbili tu. Ningekuwa wewe, ningeanza na "Satta Massagana" ya kundi la The Abyssinians. Waliirekodi Studio One mwaka 1969, lakini mwenye studio, Coxsone Dodd, hakuitoa. Mwaka 1971 wakaitoa wenyewe kwa lebo yao, Clinch. Sauti tatu, mwendo wa taratibu, na maneno ya Kiamhari katikati ya Kiingereza. Mimi huisikiliza alfajiri kabla nyumba haijaamka, na bado hunisisimua.

Ya pili ni "Baby I Love You So" ya Jacob Miller. Tafadhali usiishie upande wa kwanza! Geuza, utakuta "King Tubby Meets Rockers Uptown": wimbo uleule umevuliwa nguo, sauti ya Miller inachomoza na kupotea, ngoma na besi vimeachwa vitawale, huku melodika (kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo) ya Augustus Pablo ikilia kwa mbali.

Kabla ya kulipa, iinamishe santuri kwenye mwanga. Mikwaruzo myepesi isikutishe, ila ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, iache. Nyingi zilizochapwa Jamaika zina tundu kubwa katikati, kwa hiyo nunua na kile kiplastiki cha kuziba. Spidi ya kuzicheza ni mizunguko 45 kwa dakika. Ukishazipata, niambie upande gani umekushika zaidi.